Mzigo wa Mwenzio: Wazazi wa Watoto Wenye Ulemavu wa Akili na Wajibu wa Jumuiya Zetu

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wawakilishi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo





UTANGULIZI

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama mzigo ukiwa kichwani pa mwingine huudhania mwepesi, kwa sababu shingo inayouma si yake. Methali hiyo yatufaa leo, kwa kuwa tunataka kuzungumza juu ya mzigo ambao jumuiya zetu huuona kila siku bila kuupima uzito wake: mzigo wa mzazi anayemlea mtoto mwenye ulemavu wa akili.

Tuelewane tangu mwanzo kwamba mtoto mwenyewe si mzigo. Yeye ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu sawasawa na watoto wengine wote. Mzigo ni upweke unaomzunguka mzazi wake. Ni lawama za ndugu na majirani. Ni kazi isiyo na mapumziko. Na ni hofu ya siku ile ambayo mzazi hatakuwapo tena.

Neno letu kuu ni hili: wazazi hawa wana haki ya kukutana wao kwa wao, kusikilizana, kufundishana na kusema kwa sauti moja, na parokia ina wajibu wa kuwafungulia nafasi hiyo. Twasema ni wajibu wa haki. Hisani hutolewa mtu anapopenda. Haki hudaiwa, na asiyeitimiza amemdhulumu mwenzake.

1. TUNAMZUNGUMZIA NANI?

Mtoto mwenye ulemavu wa akili ni yule ambaye, tangu utotoni, huchelewa kuelewa na kujifunza, na huhitaji msaada mkubwa kuliko wenzake katika mambo ya kila siku: kula, kuvaa, kuzungumza, kuhesabu, kuvuka barabara, kuishi na watu. Hali hiyo si ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili waweza kumpata mtu yeyote, hata mzee msomi, na mara nyingi hutibika. Ulemavu wa akili hudumu maishani. Hata hivyo mtoto huyo hujifunza, akipewa muda na mwalimu mwenye subira.

Yafaa pia tuyaangalie maneno yetu. Mitaani mtoto huyu huitwa taahira, zezeta, punguani. Mama husikia maneno hayo kisimani, sokoni, na hata kwenye uwanja wa kanisa. Mtoto amebatizwa kwa jina; na aitwe kwa jina lake.

Juu ya sababu za ulemavu huu sayansi imetufundisha mengi. Wako watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa sababu uchungu ulichukua muda mrefu na kituo cha afya kilikuwa mbali. Wako waliopata manjano kali katika siku za kwanza wasitibiwe mapema. Wako walioponea malaria kali iliyofika kwenye ubongo, au homa ya uti wa mgongo. Wako ambao mama zao walikosa madini joto walipokuwa wajawazito, na ndiyo maana twahimizwa kutumia chumvi yenye madini hayo. Tena wako ambao sababu ya ulemavu wao haijulikani kabisa.

Wapo pia watoto wenye hali iitwayo Down. Mwaka 1959 madaktari wa Ufaransa Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walichapisha ugunduzi wao kuhusu watoto hao. Ndani ya mwili wa kila mtu mna nyuzi ndogo mno zinazobeba urithi, ziitwazo kromosomu, nazo kwa kawaida ni 46. Watoto wale walikuwa nazo 47, kwa kuwa kromosomu ya 21 ilikuwa mara tatu badala ya mara mbili. Ndiyo sababu siku yao duniani huadhimishwa tarehe 21 Machi, yaani tarehe 21 ya mwezi wa tatu, na Umoja wa Mataifa umeitambua siku hiyo tangu mwaka 2012. Ugunduzi ule ulifundisha jambo ambalo kila mama wa mtoto wa namna hiyo angepaswa kuambiwa siku ile ile anapojifungua: hali hii haikuletwa na kosa lolote la mama.

2. NANI ALIYEKOSA?

Mwinjili Yohane, katika sura ya tisa, anatusimulia jinsi wanafunzi walivyomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, mtu yule au wazazi wake. Bwana alikataa majibu yote mawili. Hakumtafuta mkosaji, alimtazama mtu aliyekuwa mbele yake, akamwendea.

Swali lile la wanafunzi lingali hai katika vijiji na mitaa yetu, ila limebadili mavazi. Ukoo wa baba husema kwamba balaa limetoka upande wa mama. Majirani hunong'ona kwamba baba amemtoa mtoto ili apate utajiri. Wengine husema ni mizimu, wengine ni uchawi wa shangazi. Na siku hizi wako wanaoahidi uponyaji kwa sadaka kubwa; mzazi akiuza mbuzi na shamba, na mtoto akabaki kama alivyokuwa, huambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba. Hivyo mzazi huhukumiwa mara mbili, na mara ya pili huhukumiwa kwa jina la Mungu.

Matunda ya lawama hizi twayajua. Mtoto hufichwa chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Baba huondoka nyumbani akaoa kwingine, na mama hubaki na mtoto pamoja na sifa mbaya. Dada zake mtoto hukosa wachumba. Mama huacha kuhudhuria Jumuiya, kwanza Jumamosi moja, kisha mwezi, kisha husahaulika. Na katibu huandika katika daftari kwamba amelegea katika imani.

3. UZITO WA MZIGO WENYEWE

Tuupime mzigo huu ili tusiseme kwamba ni kanda la usufi.

Kwanza ni kazi. Mtoto wa kawaida hubebwa mgongoni miaka miwili au mitatu. Mwingine mwenye ulemavu mzito hubebwa hadi miaka kumi na zaidi, na mgongo wa mama huzeeka kabla ya umri wake. Kumlisha mtoto asiyemeza vizuri huweza kuchukua saa nzima, mara tatu kwa siku. Usiku mtoto halali, au hushikwa na kifafa. Mama huyo hawezi kwenda shamba la mbali, wala kukaa sokoni kutwa, wala kuajiriwa. Umaskini huingia katika nyumba hiyo kwa mlango ulio wazi.

Pili ni upweke. Wahenga walisema pia kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Katika habari hii twaweza kuongeza kwamba uchungu wa mzazi huyu aujuaye ni mzazi mwenziwe aliyepita njia ile ile. Jirani mwema humpa pole. Nesi humpa dawa. Padre humpa baraka. Wote wanafanya vema. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona haya kwa sababu mtoto wake amepiga kelele wakati wa mageuzo, kisha akaona haya tena kwa sababu alimwonea haya mtoto wake mwenyewe.

Tatu ni hofu ya kesho. Muulizeni mzazi yeyote wa mtoto wa namna hii ni jambo gani humkosesha usingizi, naye atawajibu: nikifa, nani atamlea? Wazazi wengine huomba kwamba mtoto awatangulie. Hilo ni ombi zito mno mzazi kulitamka mbele ya Mungu, na wengi wanaliomba peke yao, kimyakimya.

4. KWA NINI MZAZI KWA MZAZI?

Maandiko Matakatifu yanatupa picha mbili.

Picha ya kwanza ni ya rafiki watatu wa Ayubu. Waliposikia mabaya yaliyompata walikuja, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, bila kusema neno, kwa maana waliona kwamba huzuni yake ilikuwa kubwa mno. Hadi hapo walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua vinywa vyao wakaanza kumweleza sababu za mateso yake, waliharibu kazi yao yote, na mwishowe Mungu aliwakemea. Kuketi pamoja na mtu ni kazi; tena mara nyingi ni kazi bora kuliko kumweleza.

Picha ya pili ni ya Bikira Maria na Elizabeti. Akina mama wawili, kila mmoja na mimba ambayo majirani wasingeielewa. Mmoja mzee, mwingine kijana. Maria alikwenda kwa haraka hadi nchi ya milima, akakaa huko yapata miezi mitatu. Hakuna aliyelazimika kujieleza. Kila mmoja alipata kwa mwenzake mtu wa kumwelewa. Hicho ndicho wanachokihitaji wazazi tunaowazungumzia.

Historia nayo inatoa ushuhuda. Mwaka 1946 mama mmoja Mwingereza, Judy Fryd, mwenye binti mwenye ulemavu wa akili, aliandika barua kwenye gazeti akiwaita wazazi wenzake. Wengi walimjibu, nacho chama walichokianzisha kingalipo hadi leo kwa jina la Mencap. Mwaka 1950 wazazi wa Marekani nao waliunda chama chao cha taifa. Mahali pengi duniani shule na huduma za watoto hawa zilianza kwa sababu wazazi walikutana kwanza na kugundua kwamba hawako peke yao.

Katika Kanisa, tunakumbuka hija ya Pasaka ya mwaka 1971 kwenda Lurdi, nchini Ufaransa. Wazazi wawili wenye watoto wawili wenye ulemavu mzito walikuwa wametaka kujiunga na hija ya jimbo lao wakakataliwa, kwa kuwa watoto wao wangewasumbua mahujaji wengine. Kutokana na uchungu wao Marie-Hélène Mathieu na Jean Vanier walisaidia kuandaa hija ambayo watu kama hao wangekuwa wenyeji, si wageni. Walikuja mahujaji wapatao 12,000. Hapo ndipo ilipozaliwa jumuiya iitwayo Imani na Nuru, ambamo wazazi, watoto wao na marafiki hukutana kila mwezi kusali, kusikilizana na kufurahi.

Karibu zaidi nasi, huko Kilifi katika pwani ya Kenya, watafiti waliwasindikiza walezi wa watoto wenye ulemavu katika kuunda vikundi vya kusaidiana, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Walezi hao hawakuwa watu wenye fedha wala elimu kubwa. Lakini katika vikundi vyao walijiona wenye nguvu zaidi na wenye watu wa kuwategemea.

Aidha, wazazi hufundishana mambo ambayo hayapatikani kwa urahisi katika vitabu vyetu. Mama mzoefu humwonyesha mama mpya kwamba mtoto mwenye shida ya kumeza alishwe akiwa ameketi wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, wala asilishwe akiwa amelala chali, kwa maana chakula huweza kuingia mapafuni. Humwambia kwamba dawa ya kifafa haikatishwi ghafla hata kama mtoto amekaa miezi bila kuanguka. Na kwamba anapoanguka alazwe ubavu, wala kijiko kisitiwe kinywani mwake. Humfundisha kumzoeza mtoto kuvaa shati kwa hatua ndogondogo: leo mama amvalishe yote, mtoto afunge kifungo cha mwisho tu, akikiweza, na aongezewe cha pili. Siku mtoto anapovaa shati lake lote, kikundi kizima hupiga vigelegele, kwa sababu wao wanajua kifungo kile kimegharimu miezi mingapi.

5. NAMNA YA KUANZA

Hatua ya kwanza ni kuwatambua. Kila Jumuiya inazijua nyumba zake. Wajumbe wawili wenye hekima na wenye kutunza siri waitembelee familia, bila daftari na bila kamera, wamsalimie mtoto kwa jina lake, kisha wamsikilize mzazi. Anayekataa asilazimishwe, atembelewe tena siku nyingine.

Hatua ya pili ni kuwakutanisha. Wazazi sita wanatosha kuanza. Wakizidi kumi na watano ni vema kugawanyika. Wakutane mara moja kwa mwezi, mahali panapofikika na mtu aliyebeba mtoto mkubwa. Nauli ni kikwazo kikubwa kuliko tunavyodhani; basi mkutano uwe wa kanda, usiwe wa parokia nzima.

Hatua ya tatu ni kuwatunza watoto wakati wazazi wanapozungumza. Hapa vijana wa VIWAWA na walezi wa Utoto Mtakatifu wana utume mzuri, wakiwa wawili wawili au zaidi, mahali pa wazi panapoonekana na wote. Kwa mzazi mwingine, hizo zitakuwa saa mbili za kwanza kwa miaka mingi ambazo mikono yake haina kazi.

Hatua ya nne ni mazungumzo yenyewe. Waketi kwa duara. Sala iwe fupi. Kila mmoja apewe nafasi ya kueleza mwezi wake ulivyokuwa, na asikatizwe. Asiyetaka kusema anyamaze, wala asiulizwe sababu. Kisha wachague jambo moja la kujifunza. Wakihitaji mtaalamu, yaani nesi, mwalimu wa elimu maalumu au afisa ustawi wa jamii, aalikwe kwa siku hiyo. Mwishoni wagawane kazi: nani atamsindikiza nani kliniki, nani atakaa na mtoto wa nani siku ya msiba au ya mavuno.

Hatua ya tano, na ni ya lazima, ni uongozi. Mwenyekiti wa kikundi awe mzazi. Paroko na viongozi wa walei wawe walezi wa kikundi, si wasemaji wake. Tusiwaweke wazazi hawa chini ya kamati ya watu wasiojua njaa yao.

Tena akina baba waitwe kwa makusudi. Mara nyingi baba hujitenga kwa sababu ya aibu kuliko kwa sababu ya ukatili, na mwanamume humsikia mwanamume mwenziwe. UWAKA wakiwapeleka akina baba wawili wenye uzoefu kuzungumza na baba mmoja aliyejificha, huenda wakaiokoa ndoa na mtoto pamoja.

6. MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Siri. Yanayosemwa kikundini yabaki kikundini. Neno moja likivuja hadi kisimani, kikundi kimekufa.

Maonyesho. Ni desturi sehemu nyingi kuwaita watoto hawa wakati wa Noeli, kuwapa sabuni na sukari, kupiga nao picha, na kuwarudisha gizani hadi Noeli nyingine. Zawadi si mbaya. Lakini mtoto si kipeperushi cha kuombea misaada, na mzazi asiombwe kusimulia machozi yake mbele ya wageni.

Fedha. Kikundi chaweza kuwa na mfuko wa kuweka na kukopa, na wengi watafaidika. Hata hivyo hisa zisiwe tiketi ya kuingilia. Mzazi asiye na shilingi mia ndiye anayekihitaji kikundi kuliko wote.

Usalama. Watoto hawa, hasa mabinti wanapokua, wamo katika hatari kubwa ya kudhulumiwa kimwili, kwa sababu wadhalimu wanajua kwamba huenda wasieleweke wakisema. Mtu yeyote asikae peke yake faraghani na mtoto wa mwenziwe, awe mzee wa kanisa, katekista au kijana mwema. Na sifa ya mtu isiwe kinga yake. Mwaka 2020 shirika la L'Arche, lililoanzishwa na Jean Vanier yule yule tuliyemtaja, lilitangaza matokeo ya uchunguzi lililouagiza lenyewe, yaliyoonyesha kwamba alikuwa amewadhulumu kijinsia wanawake watu wazima, wasio na ulemavu, waliomtafuta kama mwongozi wa roho. Shirika halikuficha. Nasi tukiona au tukisikia dhuluma, tuipeleke polisi na ustawi wa jamii. Tusiimalizie katika kikao cha ukoo kwa mbuzi na faini.

7. KIKUNDI NA MADAI YA HAKI

Kikundi cha wazazi kisigeuzwe kuwa mbadala wa huduma ambazo Serikali inapaswa kuzitoa. Ingekuwa dhuluma mpya kuwaambia wazazi wafarijiane ili wasidai.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu chake cha 23 kinazitaka nchi kuzipatia familia taarifa, huduma na msaada mapema, ili watoto wasifichwe, wasitelekezwe wala wasitengwe. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu kwa namna inayomvunjia heshima, na inatambua haki yake ya matunzo maalumu na ya nafasi sawa katika elimu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Je, kamati ya mtaa wenu ipo? Inakutana? Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili amo ndani yake?

Mzazi mmoja akienda kwa mwalimu mkuu kuomba mtoto aandikishwe, huambiwa kwamba hakuna nafasi, hakuna mwalimu, arudi mwakani. Wazazi kumi wakienda pamoja, wakiwa na orodha ya watoto kumi, hilo ni suala la kata. Nchini tuna shule za msingi zenye vitengo vya wanafunzi wenye ulemavu wa akili, na tuna walimu wanaoandaliwa kwa kazi hiyo katika Chuo cha Patandi mkoani Arusha. Pale ambapo kitengo hakipo, orodha ya watoto wenye majina na umri ni hoja ambayo diwani hawezi kuipuuza kwa urahisi.

Vilevile, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa. Kikundi kimwendee afisa maendeleo ya jamii, kipate maelezo ya masharti yaliyopo.

Na haki ianze madhabahuni. Wako wazazi walioambiwa kwamba mtoto wao hawezi kupokea Komunyo ya kwanza kwa sababu hajui kujibu maswali ya katekisimu. Mwongozo wa Katekesi uliotolewa na Roma mwaka 2020 unafundisha kwamba watu wenye ulemavu wasinyimwe sakramenti. Makatekista watafute njia: picha, wimbo, ishara, kurudiarudia, na msaada wa mzazi anayeijua lugha ya mtoto wake.

8. NIKIFA, NANI ATAMLEA?

Tumelirudia swali hili kwa kuwa ndilo lililo chini ya maswali mengine yote. Kikundi hakiwezi kuliondoa, lakini chaweza kulifanya lisiwe la mtu mmoja.

Wazazi wakizungumza mapema, hufanya mambo manne. Humzoeza mtoto kujitegemea kadiri awezavyo, maana kila anachokiweza leo ni mzigo mwepesi kwa atakayemlea kesho. Humzoeza pia kulala na kula katika nyumba nyingine, ili siku ya msiba asipoteze vyote kwa pamoja. Huandika wosia mbele ya mashahidi, wakitaja mlezi na fungu la mtoto. Kwa maana sheria haimruhusu mtu kumnyima mtoto matumizi ya haki kutoka mali ya mzazi wake, lakini ndugu wenye tamaa humwona mtoto huyu kuwa ndiye rahisi kuliko wote kunyang'anywa. Mwisho, huzungumza na watoto wao wengine kwa upole, bila kuwarithisha wajibu huo kama adhabu.

Hapa wasimamizi wa ubatizo nao wakumbuke ahadi yao, na Jumuiya ikumbuke kwamba mtoto huyu ni wake. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wa mwaka 1995 uliofuata Sinodi ya Afrika, alitufundisha kulielewa Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Familia haimwachi mtoto wake kwa sababu mama amefariki.

HITIMISHO

Ndugu wapendwa, hatukuwaomba leo mjenge kituo, wala mtafute mfadhili kutoka ng'ambo. Tumewaomba chumba kimoja kwa saa mbili kila mwezi, vijana wachache wa kukaa na watoto, na viongozi walio tayari kunyamaza wakati wenye mzigo wanapozungumza. Mzigo hautageuka kuwa usufi. Lakini ukibebwa na wengi, kila mmoja wao atapata nafasi ya kuinua shingo.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu, ni familia ngapi zinazolea mtoto mwenye ulemavu wa akili? Ni lini mara ya mwisho tulizitembelea, na tulikwenda kwa nia gani?

2. Ni maneno gani tunayoyatumia tunapowataja watoto hawa? Tutayabadilisha vipi, kuanzia nyumbani kwetu?

3. Rafiki za Ayubu walifanya vema wapi, na waliharibu wapi? Tunajifunza nini kuhusu namna ya kuwafariji wazazi hawa?

4. Je, watoto hawa wamekwisha kupokea sakramenti wanazostahili? Kama bado, nani atazungumza na katekista na paroko, na lini?

5. Wazazi wakitaka kuanza kikundi mwezi ujao, Jumuiya yetu itatoa nini: mahali, vijana wa kutunza watoto, au nauli ya asiye nayo? Tutaje majina na tarehe kabla hatujafunga kikao.